Ramli Mezani: Mwongozo Kamili kwa Msimulizi Mwenye Wachezaji Wanaoona Yaliyofichika

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao msimulizi huendesha kisa na kila mchezaji huigiza mhusika wake, mhusika wa mganga akifika ngazi ya 9, kisa cha "nani kaiba" ulichokiandalia vikao vitatu kinaweza kwisha ndani ya dakika moja. Anafukiza ubani, anamuuliza mungu wake maswali matatu, anarudi na jina. Wasimulizi wengi wakibanwa hapo hukimbilia ukungu: mizimu imekasirika, kioo kimeingia giza, mungu hapatikani leo. Mara ya kwanza wachezaji huvumilia. Mara ya tatu huacha kuuliza, na yule aliyechagua mganga wa ramli hubaki amekaa mezani bila kazi.

Hapa tunashika njia nyingine. Jibu litoke, liwe la kweli, na kisa kijengwe ili jibu hilo lianzishe kazi badala ya kuimaliza. Takwimu zote ni za Dungeons & Dragons toleo la tano, kanuni za 2014; zile za 2024 zina tofauti kadhaa. Kanuni za msingi ziliachiwa kwa leseni huria Januari 2023, kwa hiyo kikundi cha Mbeya, Njombe au Iringa kinaweza kuzipakua bure bila kungoja kitabu kutoka nje. Majina ya uganga tumeyaacha kama yalivyo humo ili uyapate ukiyatafuta.

Kabla ya dadu yoyote: ongea na meza yako

Usiruke sehemu hii. Kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania ramli si jambo la kubuni tu. Ziko koo zilizogawanyika kwa sababu mpiga ramli alimtaja bibi wa watu kuwa mchawi, na Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi baada ya mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino. Mchezaji wako mmoja anaweza kuwa ametoka kwenye nyumba iliyoguswa na hayo. Mwingine amelelewa kanisani, Moraviani au Kilutheri, na neno ramli lenyewe linamkera.

Tenga dakika kumi za kikao cha kwanza. Uliza kama kila mtu yuko radhi na uganga wa kutazamia, kama kuna jambo lisitajwe kabisa, na ramli katika dunia yenu itoke wapi: kwa miungu ya kubuni, kwa nyota, au kwa mizimu. Kisha weka mipaka miwili isiyojadiliwa. Hakuna kisa ambacho jibu lake ni "mchawi ni mzee fulani wa kijiji". Wala hakuna viungo vya binadamu kama vifaa. Kanuni za Scrying, uganga wa kumtazama mtu kwa mbali, zinatoa nafuu kubwa kwa mwenye sehemu ya mwili wa anayetafutwa, ila unywele au ukucha unahesabika vilevile, basi ishia hapo.

Jambo jingine la hapa hapa: kundi la Iringa likipata Speak with Dead, uganga wa kuhoji maiti, kuna atakayetania kuhusu fuvu la Mkwawa, lililorudishwa mwaka 1954 na kuhifadhiwa Kalenga. Mwache Mtwa (yaani mtawala, kwa Kihehe) apumzike. Tunga mtwa wako.

Hatua ya kwanza: jua wana macho gani

Waombe wachezaji orodha ya uganga wao wa kutazamia kila wanapopanda ngazi. Uganga wa ngazi ya 2 hupatikana mhusika akiwa ngazi ya 3, wa ngazi ya 3 akiwa ya 5, wa 4 akiwa ya 7, na wa 5 akiwa ya 9. Hapo kwenye 9 ndipo dunia inapobadilika.

Augury (ngazi ya 2) hutazama dakika 30 zijazo tu, na hujibu kwa namna nne: heri, shari, vyote viwili, au si hiki wala kile. Divination (ngazi ya 4) hupokea swali moja kuhusu lengo, tukio au shughuli itakayotokea ndani ya siku 7, na hula ubani na sadaka vyenye thamani ya vipande 25 vya dhahabu. Commune (ngazi ya 5) ni maswali matatu ya ndiyo au hapana. Contact Other Plane (ngazi ya 5) ni maswali matano, lakini muulizaji hutupa dadu ya kujikinga kwa Akili, akitakiwa kufikisha 15. Akishindwa anaumia kwa dadu 6 za pande 6 na anarukwa na akili hadi mapumziko marefu, yale ya usiku mzima.

Hizi nne zote zinaweza kufanywa kama tambiko, yaani kwa dakika 10 za ziada bila kutumia nafasi ya uganga (mhusika ana nafasi chache tu kwa siku), mradi mhusika ana uwezo wa kufanya matambiko. Wasimulizi wengi hawalioni hili. Wanadhani gharama ya Commune ni nafasi ya ngazi ya 5, kumbe gharama yake halisi ni muda. Kwa hiyo kisa kisicho na saa inayotembea hakina ulinzi wowote dhidi ya Commune.

Speak with Dead (ngazi ya 3) ni maswali matano kwa maiti yenye mdomo, na maiti hiyo hiyo haiulizwi tena mpaka zipite siku 10. Inajua ilichokijua ikiwa hai, basi. Kama ilikuwa adui yenu, hailazimiki kusema kweli. Legend Lore (ngazi ya 5) hueleza habari za mtu, mahali au kitu chenye sifa kubwa, na hula ubani wa vipande 250. Inadai pia vijiti vinne vya pembe za ndovu, vya vipande 50 kila kimoja. Watu wanaokaa jirani na Ruaha hawafurahii pembe mezani. Vijiti vya mpingo vya bei hiyo hiyo havibadilishi chochote kwenye mchezo.

Scrying tutaigusa peke yake. Ina hesabu.

Hatua ya pili: andika ukurasa wa ukweli

Ukurasa mmoja wa daftari, kabla ya kikao. Msimulizi anayetunga ukweli wakati anaulizwa atajipinga mwenyewe ndani ya saa moja. Andika mambo matano: nani alitenda kwa mkono wake, nani aliagiza, kwa sababu gani, kitu kiko wapi sasa na kitahama lini, na nini kitatokea wahusika wasipofanya lolote.

Mfano tutakaoutumia hadi mwisho: katika nchi ya kubuni yenye ziwa juu ya mlima, mithili ya Ziwa Ngozi kule Poroto, ngoma ndogo ya mvua imepotea siku sita kabla ya tambiko.

Mkono: Lusajo, mpagazi, aliibeba usiku.
Agizo: Sekela, mtunza nyumba ya matambiko.
Sababu: ngozi ya ngoma ilipasuka mikononi mwa Mtwa mwenyewe, na tambiko la hadhara lingemwaibisha.
Mahali: ndani ya chungu kikubwa kwa wafinyanzi wa ufukweni, siku ya nne kitapakiwa kwenye mashua.
Wakikaa kimya: siku ya sita Mtwa atawasingizia watu wa ng'ambo ya mto, na mikuki itatoka.

Hatua ya tatu: kisa kisife kwa jina moja

Angalia ukurasa huo. Mganga akipata jina la Lusajo mwanzoni kabisa, amepata nini? Mpagazi. Hajapata Sekela, hajapata sababu, na hata akizipata zote bado ana swali gumu kuliko yote: amwaibishe Mtwa hadharani, au amsaidie kuficha? Hilo hakuna mungu wa kumjibia.

Jipime hivi. Jifanye mchezaji, uliza maswali matatu makali kuliko yote, kisha utazame kama kuna kikao kilichobaki. Commune moja hugawa watuhumiwa mara mbili, kwa mara tatu, yaani inatosha kumchomoa mmoja kati ya wanane. Kama kisa chako chote ni "nani kati ya hawa saba", kimekwisha kabla ya kuanza, kiandike upya.

Silaha kubwa ya msimulizi ni ushahidi. Kujua na kuthibitisha ni mambo mawili. Baraza la wazee linaweza kuwa na desturi ya kutopokea ramli kama ushahidi, kwa sababu kila ukoo una mganga wake na kila mganga ana mtu wa kumtaja. Hapo jina lililotoka kwa mungu linawaelekeza wahusika wapi pa kutafuta, nao bado wanahitaji chungu chenyewe, mashua, au ungamo.

Kwa Zone of Truth (ngazi ya 2, duara la nusu kipenyo cha mita 4.5 hivi ambamo aliyenaswa hawezi kusema uongo, dakika 10) tumia adabu. Mganga hujua nani amenaswa na nani amekwepa, kwa hiyo wachezaji hupenda kumpitisha kila mtu humo. Ila aliyenaswa hakatazwi kunyamaza wala kuzungukazunguka. Na kumwingiza mzee ndani ya uganga bila kumwomba radhi ni tusi. Weka faini ya ng'ombe, au mlango wa nyumba hiyo ufungwe kwa kisa kizima. Wakiomba kwa heshima, baadhi ya wazee wakubali. Usigeuze kila mwenye mvi kuwa ukuta.

Hatua ya nne: kinga ya adui iwe na bei

Adui mwenye akili atajikinga. Kosa ni kumpa kinga hiyo bure. Nondetection (ngazi ya 3), inayomficha mtu asionwe na uganga wa kutazamia, hudumu saa 8 na hula unga wa almasi wa vipande 25 kila mara. Kujificha usiku na mchana ni mara tatu kwa siku: vipande 75. Mwezi mmoja ni vipande 2,250, mbali na mganga anayemaliza karibu nguvu zake zote kubwa kila siku. Mpagazi Lusajo hana fedha hiyo. Tajiri anayo, lakini basi kuna sonara mahali fulani anayeshangaa kwa nini unga wa almasi umeadimika sokoni. Kinga yenyewe imeacha nyayo.

Private Sanctum (ngazi ya 4) hulinda eneo kwa saa 24, na likirudiwa mahali pale pale kila siku kwa mwaka mzima linakuwa la kudumu. Hiyo ni ya ikulu. Ya wizi wa kijijini ni madini ya risasi: bamba jembamba huzuia Locate Object, uganga wa kutafuta kitu, ambayo hata bila bamba haifiki zaidi ya mita 300 hivi. Sekela angeweza kuizungushia ngoma risasi, na mhunzi aliyemuuzia akawa shahidi.

Kipimo chetu: katika visa vitatu, kimoja tu kiwe na kinga ya uganga. Vingine viachwe wazi, mganga afaidi alichokisomea.

Hatua ya tano: toa jibu

Swali likiulizwa, liandike neno kwa neno. Omba dakika tano, watu wachemshe chai. Jibu la haraka ndilo linalojutiwa.

Kwa Augury tazama ukurasa wako, uangalie dakika 30 tu. Wakiuliza "tuingie kwa wafinyanzi sasa hivi?" na ndani kuna ngoma pamoja na walinzi wanne, jibu ni vyote viwili. Usiseme shari kwa sababu ya jambo litakalotokea kesho, uganga haulioni.

Kwa Divination kanuni zinakuruhusu kutoa sentensi fupi, shairi la mafumbo, au ishara. Lugha yetu ina vitendawili tangu zamani, vitumie, lakini kitendawili chenye haki. Kiwe na kitu kimoja ambacho wachezaji wamekwisha kukiona, alama moja ya kukithibitisha, na wakati. Wakiuliza "ngoma itapatikana wapi kabla ya tambiko?", jibu: "Amelala tumboni mwa mama asiyezaa, aliyepita motoni, akingoja mashua." Mama asiyezaa ni chungu, moto ni tanuri, mashua ni siku ya nne. Kama bado hawajawahi kuona wafinyanzi, fumbo hilo halifumbuki na umewadhulumu. Wapitishe ufukweni mapema, hata kwa sababu ya kununua samaki. Wakikwama zaidi ya dakika kumi, waruhusu wahusika wenye elimu watupe dadu ili ufafanue neno moja.

Kwa Commune, ndiyo na hapana zinatosha mara nyingi. Lakini wakiuliza "Lusajo aliiba ngoma?", utajibu nini? Aliibeba kwa agizo la mtunzaji halali. Neno moja lingepotosha, na kanuni zinakuruhusu kutoa kauli fupi badala yake: "Alibeba. Hakuiba." Maneno hayo mawili ni zawadi, yanafungua tabaka la pili bila kulitaja. Kumbuka pia kwamba mungu si lazima ajue kila kitu. Mlinzi wa ziwa anajua kilichozama na kilichoelea. Bei za sokoni hazijui, atasema hana hakika. Amua mipaka hiyo kabla, uiandike, na uwaambie wachezaji mungu wao anashughulika na nini. Mpaka unaozuka wakati wa swali ni ule ukungu wa mwanzo kwa jina jingine.

Legend Lore ipange kwa tabaka. Chukua kitu kama kile kimondo cha Mbozi, pande la chuma la tani 16 hivi, ukiweke kwenye dunia yako. Mwenye kujua jina tu apewe hadithi ya wenyeji. Aliyekigusa apewe kilichowahi kutokea hapo. Aliyevunja kipande apewe matumizi yake na hatari yake. Kadiri wanavyojua mengi ndivyo jibu linavyokuwa sahihi zaidi, na kanuni ndivyo zisemavyo.

Scrying kwa hesabu

Anayetazamwa hutupa dadu ya pande 20 ya Busara. Kama mganga amemsikia tu, mlengwa anaongezewa 5. Kama wamekutana, hapati kitu. Kama wanajuana sana, anapunguziwa 5. Picha ya mlengwa humpunguzia 2, nguo au mali yake 4, unywele au ukucha 10.

Mganga wa ngazi ya 9 kwa kawaida ana kiwango cha 16 au 17, ambacho mlengwa lazima akifikie ili akwepe. Chukua 16, na Lusajo asiye na nyongeza ya Busara. Akiwa amesikika tu anahitaji 11 au zaidi: anakwepa nusu ya nyakati. Wakipata shati lake nyumbani kwake, anahitaji 15, yaani asilimia 30. Wakiwa wamekutana naye na shati wanalo, anakwepa kwa 20 peke yake, asilimia 5. Waonyeshe wachezaji hesabu hii waziwazi, wataacha kukaa kwenye kioo na kwenda kutafuta shati. Akikwepa, hawezi kutazamwa tena kwa saa 24, na saa yako ya siku nne inatembea.

Jicho la uganga lisiloonekana hukaa ndani ya mita 3 hivi za mlengwa, na mganga huona na kusikia kama yuko hapo, kwa dakika 10 zisizozidi, mradi mganga hajapoteza umakini. Usimpe jina la mahali. Andaa mambo matatu ya kuona na kusikia: mawimbi karibu, vyungu vimepangwa mdomo chini, miamba inayoshuka hadi majini kama milima ya Livingstone pale Matema. Vikombe vya mwanzi vya kukingia ulanzi (pombe ya mianzi) vikionekana vinadondosha, mchezaji wa Iringa atakuambia mara moja kwamba ni msimu wa mvua na wapo kwenye baridi. Maarifa ya wachezaji wenyewe yafanye kazi hapo. Anayeweza kuona visivyoonekana ataliona jicho la uganga kama tufe la mwanga lenye ukubwa wa ngumi. Adui wa namna hiyo aongee uongo mbele ya jicho hilo, mara moja kwa kampeni (mfululizo mzima wa vikao).

Yanayoharibika

Kurudia. Augury, Divination au Commune ikifanywa tena kabla ya mapumziko marefu, mara ya pili ina asilimia 25 ya kuharibika, ya tatu 50, ya nne 75. Kwa Augury na Divination kuharibika ni jibu la kubahatisha, kwa Commune ni kimya. Tupa dadu kwa siri kila mara, hata wakati hakuna hatari, ili sauti ya dadu isiwe ishara. Kama hamna dadu za asilimia, vikaratasi vinne ndani ya bakuli, kimoja chenye alama, vinatosha kwa 25. Ongeza alama kwenye kingine kila wanaporudia.

Maswali ya kisheria. Mchezaji anaandika swali lenye "au" tatu na "isipokuwa" mbili. Mrudishie: swali moja, jambo moja.

Maiti. Wauaji wanaojua Speak with Dead huvunja taya. Ukifanya hivyo kila mara unaonekana unaziba. Acha maiti iongee, ila ilichoona ni mgongo wa mtu na harufu ya udongo mbichi.

Portent, ambayo haimo kwenye kanuni za bure, humpa mchawi wa ramli dadu mbili za pande 20 kila baada ya mapumziko marefu, tatu akifika ngazi ya 14, aziweke badala ya dadu ya mtu yeyote anayemwona. Lazima aseme kabla dadu haijatupwa. Simamia hilo bila huruma. Na usijenge kilele cha kisa juu ya dadu moja ya adui mkuu, kwa sababu mchezaji anaweza kuwa na dadu iliyotoka namba 3 mfukoni tangu asubuhi.

Kujipinga. Weka kurasa za nyuma za daftari kwa majibu yote yaliyokwisha kutolewa: tarehe ya kikao, swali kwa maneno ya mchezaji, jibu kwa maneno yako, na maana halisi uliyokusudia. Kabla ya kila kikao zisome. Jibu ambalo bado halijafumbuliwa liwekee alama, na katika vikao viwili vijavyo wapitishe wahusika mahali panapolihusu.